Tumefyeka vichaka, mvua zimepungua, lakini maji ya kisima yanapanda. Nani anaweza kueleza?

#1 Kisiki_Kikavu
Wakuu salaam. Moja kwa moja kwenye mada.

Nalima mtama na uwele kwa kutegemea mvua, sehemu kavu, kichanga chekundu juu na tabaka gumu chini yake. Shambani kuna kisima cha kuchimbwa kwa mkono nilichorithi kwa baba. Zamani pande zote zilikuwa vichaka. Leo ni mashamba hadi macho yanapogota, miti iliyobaki unaihesabu. Kila aliyekuja kutupa semina alituambia tukimaliza vichaka visima vitakauka.

Hakijakauka. Maji yako juu kuliko alivyoyaacha marehemu. Mzee alikuwa na kamba yake ya kupimia, anapima mwisho wa kiangazi na kuandika kwenye daftari, nami nimeendelea vilevile. Tofauti inakaribia mita 3, na si mwaka mmoja wa bahati, ni mwendo wa polepole. Mvua wakati huohuo hazijaongezeka. Wazee wote wanasema zimepungua.

Ninachodai: vile vichaka ndivyo vilivyokuwa vinakunywa maji yetu. Anayepinga aje na hoja, asije na kaulimbiu za siku ya kupanda miti.

#2 Mama_Uwele
Nimetandika mkeka hapa. Endeleeni.

#3 Fundi_Bomba
Kabla hatujafika kwenye miti, tuongelee kamba. Kama ni ya nailoni, imevutika. Kamba ikivutika, alama zake zinaachana, na unapohesabu alama kina kinaonekana kimepungua. Yaani maji "yamepanda" bila kupanda. Nimeshaona mtu anasherehekea kamba.

Swali la pili: unapima saa ngapi? Kisima kilichotoka kutekwa si kisima kilicholala.

#4 Kisiki_Kikavu
Fundi, nimesema kamba kwa mazoea. Ni mnyororo mwembamba wa chuma, una pete nyekundu kila mita. Chuma hakivutiki kwa uzito wa ndoo. Na napima alfajiri kabla mtu hajateka, kama alivyokuwa anafanya mzee.

#5 Fundi_Bomba
Mzee wako alikuwa mtu. Endelea.

#6 Jiolojia_Ndogo
Kisiki, hauko peke yako duniani. Kusini magharibi mwa Niger, upande wa Niamey, jambo hilihili limepimwa kwenye visima vya vijiji kwa miongo. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliangamiza mifugo na mazao Sahel nzima, ule ukanda mkavu kusini mwa Sahara, na muda wote huo maji ya ardhini yalikuwa yanapanda. Tangu miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipanda kama mita 4.

Lakini tazama sababu waliyoikuta, kwa sababu si ile unayodai. Vichaka vilipogeuzwa mashamba ya uwele, udongo ulibaki wazi, ukapigwa na matone ya mvua, ukajifunga ganda. Maji badala ya kuzama palepale yakaanza kuteleza, yakachimba makorongo, yakakusanyika kwenye madimbwi ya msimu mabondeni. Chini ya madimbwi hayo ndiko yanakopenya kwa wingi hadi kwenye tabaka la maji. Kabla ya hapo kilichokuwa kinafika chini kilikuwa milimita chache kwa mwaka. Baada ya kufyeka kiliongezeka mara kadhaa.

Kwa hiyo nakuuliza: bondeni kwenu kuna dimbwi linalojaa wakati wa mvua? Liko mbali kiasi gani na kisima?

#7 Mzee_wa_Matuta
Vijana, angalieni mnachofundisha watu. Kwetu kulikuwa na chemchemi chini ya kilima. Watu wakakata miti ya kilimani kwa mkaa, chemchemi ikafa. Hakukuwa na pampu wala kisima kirefu, hakuna kilichobadilika isipokuwa miti. Siku hizi mvua ikinyesha maji yote yanashuka siku hiyohiyo na matope yake, kesho yake mto ni changarawe tupu. Halafu mtu anakuja na mita 3 za mnyororo anataka tushangilie ufyekaji.

Maji yanayoteleza hayazami. Hilo halihitaji shahada.

#8 Jiolojia_Ndogo
Shikamoo mzee. Hoja zetu hazigongani unavyodhani. Kilimani kwako maji yaliteleza yakapata mto, mto ukayapeleka mbali, ndiyo basi. Eneo lile la Niger mabonde hayana pa kutokea. Maji yakiteleza yanaishia dimbwini mwendo mfupi tu kutoka yaliponyesha, na hapo hayana njia ila kwenda juu kwa jua au chini kwa mchanga. Ufyekaji uleule, umbo la ardhi tofauti, matokeo kinyume.

#9 Mzee_wa_Matuta
Marahaba. Hapo umesema kitu. Lakini watu watasoma uzi huu na kubeba shoka, hawatasoma umbo la ardhi.

#10 Kipimamvua
Mmebishana posti tisa kuhusu miti na hakuna aliyeuliza mvua zilinyeshaje. "Wazee wanasema zimepungua" si kipimo.

Bonde la Makutupora, jirani na Dodoma, lina moja ya kumbukumbu ndefu za maji ya ardhini katika Afrika ya kitropiki, tangu miaka ya 1950. Utafiti uliochapishwa 2013 ulipitia miaka 55 ya vipimo hivyo. Maji hayapandi kila msimu wa mvua. Miaka inapita yanashuka kidogo kidogo, halafu unakuja msimu mmoja usio wa kawaida, yanaruka, kisha yanaanza kushuka upya. Mruko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997/98.

Maana yake jumla ya mvua ya mwaka haikuambii mengi. Mvua ndogondogo zinalowesha udongo wa juu, jua linachukua lake, mtama unachukua wake, hakuna kinachobaki. Ikinyesha kwa siku kadhaa mfululizo udongo ukashiba, ndipo ya ziada inapita chini ya mizizi au inajaza korongo la mchanga linalopenyeza. Mvua zinaweza kupungua kwa jumla na maji ya ardhini yakaongezeka, mradi chache zilizobaki ni za kishindo. Kisiki, una kipimamvua au una wazee tu?

#11 Kisiki_Kikavu
Nina wazee tu 😂

Dimbwi lipo. Ni mita kama 400 kutoka kisimani, na mama anasema utotoni mwake lilikuwa kashimo ka kunyweshea mbuzi. Sasa likijaa watoto wanaogelea. Kwa hiyo Jiolojia umenipata kidogo.

Ila Kipimamvua, nadharia yako ingetaka ngazi. Mnyororo wangu hauruki, unapanda taratibu kila mwaka.

#12 Kipimamvua
Unapima mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi. Hata kama maji yangeruka mita 2 masika na kurudi mita 1 na robo tatu, wewe ungeona robo mita na kuita taratibu. Halafu kuna umbali: wimbi la maji linalozama chini ya dimbwi likisafiri mita 400 ndani ya mchanga linafika limetandazwa, limechelewa, limepoteza kichwa chake. Pima kila mwezi kabla hujanikatalia.

#13 Chepe
Mnafaidi nyie. Wengine tunashuka.

Kwetu kilimo kilikuwa cha mvua, kila mtu ana kisima chake kifupi cha kunywa na mifugo. Zikaingia pampu za sola. Ya dizeli ilikuwa inazimwa kwa sababu mafuta yanauma. Ya sola haina wa kuizima, jua likitoka inavuta, likizama inapumzika. Jirani kachimba kirefu anamwagilia mboga kiangazi kizima, na kisima changu kifupi kimekuwa shimo la kutupia mawe. Miti ipo, mvua ipo. Sihitaji Niger wala El Niño kuelewa hili.

Someni habari za Ogallala, Marekani. Tabaka la maji chini ya majimbo 8, walianza kulivuta kwa nguvu baada ya vita vya pili vya dunia, sasa lote limeshuka makumi ya mita.

#14 Tambarare
Si lote, Chepe. Ogallala imeshuka vibaya upande wa kusini na kati. Kuna sehemu za Texas na Kansas zilizopoteza zaidi ya mita 30. Nebraska kwa sehemu kubwa imebaki karibu pale pale, kwa sababu ya vilima vya mchanga vinavyopokea mvua vizuri na tabaka lenyewe kuwa nene. Jina moja la tabaka lisikudanganye ukadhani ni tenki moja.

Na cha kushangaza kwenye nyanda hizohizo kavu za kusini: chini ya uwanda wa nyasi asilia, mvua ilikuwa haifiki kabisa kwenye maji ya ardhini isipokuwa kupitia madimbwi ya asili. Walipolima kwa kutegemea mvua bila kumwagilia, maji yakaanza kupenya chini ya mashamba yenyewe. Kwa hiyo mkulima wa mvua anaongeza, jirani yake mmwagiliaji anatoa, na kisima kinasoma tofauti ya wawili hao.

#15 Fundi_Bomba
Chepe pole, lakini umepima maji au kisima "kimekataa" tu? Nauliza kwa sababu nusu ya visima nilivyoitwa kuvizika vilikuwa hai. Vile virefu, chujio linaziba kwa kutu na ute wa bakteria wa chuma, maji yako nje ya bomba yanagonga mlango. Vile vifupi, udongo unaporomoka na kujaza chini, kina cha shimo kinapungua, watu wanasema maji yameshuka kumbe sakafu imepanda.

#16 Chepe
Fundi nimezoa matope mwenyewe kwa mikono hii. Sakafu ipo palepale. Maji hayapo. Na jirani akizima siku za mawingu kadhaa mfululizo, yanarudi kiganja kimoja. Hayo matope nayo yanajua ratiba ya jirani?

#17 Fundi_Bomba
Hahaha. Hiyo ya mawingu imenifunga mdomo. Hilo ni jirani.

#18 NyukiDume
Kuna siku aliyekuja kututafutia maji alikuwa na kijiti cha umbo la Y. Akatembea, kijiti kikainama, tukachimba, tukapata. Wataalamu mnasemaje hapo?

#19 Jiolojia_Ndogo
Tunasema mngechimba hatua ishirini pembeni pia mngepata. Sehemu nyingi maji ya ardhini yametanda, hayapiti kwenye mishipa. Kumjaribu mwenye kijiti, mwambie akuonyeshe mahali ambapo HAMTAPATA, halafu mchimbe hapo.

#20 NyukiDume
Nani atalipia shimo la kukosa maji?

#21 Jiolojia_Ndogo
Ndiyo maana biashara yake haifi.

#22 Bint_Magadi
Turudi. Kisiki, sijaona mtu akikuuliza la muhimu: maji yanapanda, ladha yake vipi?

Magharibi mwa Australia kuna ukanda wa ngano uliofyekwa karne iliyopita. Msitu wa asili wa mikaratusi ulikuwa na mizizi mirefu na ulikuwa unakunywa karibu kila tone, mwaka mzima. Ngano inaota miezi michache, mizizi mifupi, kisha inavunwa. Maji yaliyobaki yakazama, usawa ukapanda, kama unavyoshangilia wewe. Tatizo udongo ule ulikuwa umehifadhi chumvi iliyoletwa na mvua kutoka baharini kwa maelfu ya miaka. Maji yalipopanda yakaibeba hadi juu, jua likanyonya maji, likaacha chumvi. Zaidi ya hekta milioni 1 za jimbo lile zimeharibika kwa njia hiyo. Mabondeni ni miti iliyokufa imesimama na ardhi nyeupe.

Kwa hiyo kisima kupanda si lazima iwe habari njema. Maji yakifika mita 2 hivi kutoka juu, jua linaweza kuyavuta lenyewe kupitia udongo.

#23 Mzee_wa_Matuta
Asante binti. Ndiyo hiyo niliyokuwa naihofia, sikuwa na maneno yake.

#24 Kisiki_Kikavu
Ladha ni ileile, labda uzito kidogo kwenye chai. Ila mzee wangu, umeona? Bint_Magadi kathibitisha dai langu! Miti ilikuwa inakunywa. Australia hakuna ganda wala dimbwi.

#25 Mzee_wa_Matuta
Umeambiwa nyumba inazama kwa chumvi, wewe umesikia "miti ilikuwa inakunywa" 🤦🏾

#26 Bint_Magadi
Kisiki, kwa sehemu ile ndiyo, ilikuwa inakunywa. Aliyeandika mapema kuhusu uhusiano wa kufyeka na chumvi alikuwa W. E. Wood, mwaka 1924. Hakuwa mtaalamu wa kilimo, alikuwa mhandisi wa reli. Treni za mvuke zilihitaji maji safi kwa ajili ya boila, na vyanzo vya maji vilikuwa vinaharibika baada ya ardhi ya juu yake kufyekwa. Boila ndizo zilizolalamika kwanza.

Lakini usikimbilie. Mvua za kona ile ya Australia zimepungua tangu katikati ya miaka ya 1970, na kuna maeneo ambako maji ya ardhini yameacha kupanda, mengine yameanza kushuka. Mashamba bado ni mashamba. Kwa hiyo Kipimamvua naye ana kipande chake.

#27 Kipimamvua
Nina zaidi ya kipande 😎

#28 Tambarare
Niongezee kisa ambacho wakulima wa mvua hawakipendi. Montana na North Dakota, tambarare kavu za ngano, walikuwa wanalima mwaka mmoja na kupumzisha shamba mwaka unaofuata, likiwa limesafishwa kabisa magugu, ili udongo uweke akiba ya unyevu. Mbinu nzuri ya ukame, imefundishwa kila mahali. Ila miaka mizuri akiba inazidi kile ambacho udongo unaweza kushika, ya ziada inazama, inakutana na tabaka gumu, inatembea kando na kutokeza chini ya mteremko ikiwa na chumvi. Mashamba ya chini yakafa kwa unyevu katika nchi kame.

Dawa haikuwa mitaro. Walipanda alfalfa, majani ya kulishia mifugo, kule juu maji yanakozama, mizizi yake inashuka mita kadhaa, ikakausha udongo, na chini kukapona. Kumbuka hapo hakuna mti uliokatwa. Lilibadilika zao tu na kalenda yake. Kisiki, mnapumzisha mashamba?

#29 Kisiki_Kikavu
Tunapumzisha, ila yakipumzika yanaota majani na ng'ombe wanaingia. Hayabaki wazi.

#30 Tambarare
Basi kwako si hiyo. Au ni hiyo kidogo.

#31 Mama_Uwele
"Au ni hiyo kidogo" iandikwe kwenye bango la uzi huu.

#32 Usiku_wa_Manane
Kuna namna ya kuiuliza miti yenyewe. Mwaka 1932 mtafiti mmoja, White, alichapisha vipimo vyake kutoka bonde la Escalante, Utah. Kwenye visima vifupi vilivyozungukwa na mimea inayofikia maji, usawa ulikuwa unashuka mchana na kupanda usiku, kila siku. Mimea inanyonya jua likiwaka, ikilala maji ya pembeni yanajaza pengo. Mimea ikifyekwa, mpwito unakwisha.

Weka kirekodi cha presha, kifaa kinachozama majini na kujiandikia chenyewe usawa wa maji, kisimani karibu na miti iliyobaki. Ukiona mpwito wa mchana na usiku, miti inakunywa. Usipouona, haifiki.

#33 Jiolojia_Ndogo
Wazo zuri lenye mtego. Kirekodi kisicho na mrija wa hewa kinapima maji pamoja na hewa iliyo juu yake, na presha ya hewa ina mpwito wake wa kila siku, kwenye tropiki unaonekana wazi, inapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mtu anaweza kuandika ripoti nzima kuhusu unywaji wa miti kumbe amepima anga. Lazima kiwepo cha pili nje ya maji cha kutolea hesabu. Na kisima cha Kisiki kina maji mita ngapi chini?

#34 Kisiki_Kikavu
Mwaka jana mwisho wa kiangazi mita 11. Enzi za mzee karibu 14.

#35 Jiolojia_Ndogo
Kichaka cha kawaida hapo ni mbali kidogo. Si mbali kwa wote.

#36 Mwanambuga
Si mbali hata kidogo. Boscia albitrunca, Kalahari, mzizi umekutwa mita 68 chini wakati wa kuchimba kisima. Mathenge, yaani Prosopis juliflora, mzizi wa jamii yake ulikutwa kwenye mgodi Arizona zaidi ya mita 50 chini. Huku kwetu mathenge yamejaa kwenye kingo za lagha, yaani mito ya mchanga ya msimu, na kila mfugaji anakuambia visima vya mchangani vimekuwa vichoyo tangu yaje. Afrika Kusini serikali ilianzisha mpango mwaka 1995 wa kung'oa mimea vamizi ili kuokoa maji. Wangefanya hivyo kama miti hainywi?

Kwa hiyo nauliza tena, MTI GANI? Mnabishana kuhusu "miti" bila jina.

#37 Mzee_wa_Matuta
Mwanambuga umenifurahisha. Mgeni anang'olewa, mwenyeji anaachwa.

#38 Mwanambuga
Mzee hata mwenyeji anakunywa. Boscia ni mwenyeji.

#39 Savana_Huru
Kuna utafiti wa Burkina Faso, umechapishwa 2016 kwenye jarida la Scientific Reports, unaogawa ushindi. Walipima kwenye mashamba yenye miti iliyoachwa kwa nafasi, mingi yao mishea, ile ya siagi ya shea. Eneo lisilo na mti kabisa, udongo umekaza, maji hayapenyi kwa kina. Karibu na shina, maji yanapenya vizuri, ila mti unayanywa mengi. Kati ya hapo, pembeni ya kivuli, mizizi na wadudu wameufungua udongo na mti hauwahi kunywa yote. Hitimisho lao ni kwamba miti ya wastani inapitisha maji mengi chini kuliko msitu mzito na kuliko shamba tupu.

Kwa hiyo Kisiki na mzee wote mnaweza kuwa sahihi, inategemea mlianzia pande gani za wingi wa miti.

#40 Kisiki_Kikavu
Sasa hapo mnanichanganya. Vichaka vilikuwa vizito, tukavuka katikati, leo shamba ni tupu. Kwa hesabu ya Burkina Faso ningepanda kisha nishuke. Sijashuka.

#41 Savana_Huru
Hujashuka BADO. Au dimbwi linakuficha.

#42 Kokotoa
Wakuu nimekaa kimya nikipiga hesabu, naomba mnisikilize maana naona wote mna uhakika kupita kiasi.

Mita 3 za kisima si mita 3 za maji. Udongo na mwamba vina nafasi ndogo, ni kama ndoo iliyojaa kokoto: jagi moja la maji linapanda sana. Nafasi inayoachia maji kwenye mchanga mzuri inaweza kuwa asilimia 10 hadi 25, kwenye mwamba wenye nyufa iko chini ya asilimia 2. Tuseme kwa Kisiki ni asilimia 5. Mita 3 mara asilimia 5 ni milimita 150. Tuseme zimechukua miaka 30. Ni milimita 5 kwa mwaka.

Kama mnapata milimita 500 za mvua, ugomvi wote huu ni wa asilimia 1 ya mvua. Milimita 5 zinaweza kutoka kwenye miti iliyoacha kunywa. Zinaweza kutoka dimbwini. Zinaweza kutoka kwenye masika mawili matatu makubwa, au kwenye kupumzisha mashamba. Hata njia mpya ya mkokoteni inayoelekeza maji bondeni inatosha. Mtu hawezi kuzitenganisha kwa mnyororo, hata uwe wa dhahabu.

#43 Kipimamvua
Kokotoa hesabu ni nzuri lakini hiyo asilimia 5 umeitoa mfukoni.

#44 Kokotoa
Weka 2 utapata milimita 2 kwa mwaka, weka 15 utapata 15. Hata hiyo 15 ni asilimia 3 tu ya mvua. Hoja inabaki.

#45 Chepe
Kwangu si asilimia 1. Kwangu ni jirani.

#46 Bint_Magadi
Kokotoa, kuna kitu cha kusaidia kutenganisha: kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi. Mvua inakuja na kloridi kidogo kutoka baharini. Mimea inakunywa maji na kuiacha, jua vilevile. Kwa hiyo kadiri maji mengi yanavyonyonywa kabla ya kuzama, ndivyo yaliyobaki yanavyokuwa na kloridi nyingi. Mvua ikiwa na miligramu 1 kwa lita na maji ya ardhini yana 50, ni sehemu 1 kati ya 50 ya mvua iliyopenya. Kwa milimita 500, ni 10.

Uzuri ni kwamba udongo unatunza historia. Ukichimba kwa keekee ya mkono na kuchukua sampuli ya udongo kila nusu mita, maji ya zamani ya enzi za vichaka yako chini na kloridi nyingi, maji mapya ya enzi za mtama yako juu na kloridi kidogo. Ukiona mpaka huo katikati ya shamba, mbali na dimbwi, Kisiki ana haki: maji yanazama popote kwa sababu hakuna wa kuyanywa. Ukiona kloridi bado iko juu palepale na shamba halipitishi kitu, basi maji yanaingia kupitia dimbwi na Jiolojia ameshinda.

#47 Jiolojia_Ndogo
Nakubali jaribio hili. Masharti: pasiwe na mbolea yenye kloridi, kwa mfano ile ya potasiamu, na shimo lisiwe mahali maji yanapotuama.

#48 Kipimamvua
Na mvua kubwa inapopenya kwenye nyufa za udongo bila kugusa huo mchanga wenu? Kloridi haitaiona. Mnanitoa kwenye kesi kwa ujanja.

#49 Bint_Magadi
Kichanga hakina nyufa za namna hiyo, kaka. Ungekuwa mfinyanzi mweusi ningekupa.

#50 Kipimamvua
Kasema "chini tabaka gumu". Tabaka gumu lina nyufa. Soma #1.

#51 Kisiki_Kikavu
Mbolea tunatumia samadi tu. Samadi ina kloridi?

#52 Bint_Magadi
Ina, kwa sababu ya mkojo wa ng'ombe. Ndiyo maana usichimbe karibu na zizi wala sehemu mnakomwaga samadi. Tafuta kona ambayo haijawahi kupewa. Sampuli uzifunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa papo hapo, andika kina kwa kalamu isiyofutika, na uchukue nyingine kutoka kwenye kipande cha kichaka kilichobaki, kama kipo, maana bila cha kulinganisha hatutajua la enzi za vichaka lilikuwa linafananaje.

#53 Kisiki_Kikavu
Kipande kipo, ila kiko makaburini. Sidhani ukoo utaniruhusu nichimbe.

#54 Mama_Uwele
Hapana, huko usichimbe.

#55 Mwanambuga
Makaburini kuna mti gani?